Filamu Nne na Somo la Isimujamii

Mwezi uliopita niliazimia kutazama filamu moja kila juma. Mbili nilizitazama nyumbani Kisauni, moja kwa rafiki yangu Changamwe, na ya nne katika kibanda cha video huko Likoni. Shabaha yangu haikuwa ufundi wa kamera bali Kiswahili cha wahusika. Nimeshawishika kwamba mwalimu wa lugha anayezipuuza filamu anajinyima nyenzo muhimu ya kufundishia.

Nilianza na "Vuta N'Kuvute" (2021) ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, anaikimbia ndoa hiyo na kumpenda Denge, mpigania uhuru katika Unguja ya miaka ya 1950. Filamu inapendeza, na Kiunguja chake ni burudani kwa sikio. Hata hivyo, nafasi ya mazungumzo matamu ya riwaya imechukuliwa mno na ukimya. Mwanafunzi asidhani kwamba akiitazama ameponea kusoma kitabu.

"Nairobi Half Life" (2012) ya Tosh Gitonga ni kinyume chake. Mwas, kijana wa mashambani anayeuza filamu na kuwaigizia wateja wake, anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji na kutumbukia katika ujambazi. Sheng imetawala. Vijana hao wangezungumza Kiswahili sanifu, nani angewaamini?

Ya tatu, "Watu Wote" (2017) ya Katja Benrath, ni fupi lakini iliniacha kimya. Inatokana na shambulizi la Desemba 2015 dhidi ya basi lililokuwa likielekea Mandera, ambapo abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Kiswahili na Kisomali vinapokezana humo. Msikilizaji anatambua jinsi lugha inavyoweza kumfanya jirani kuwa mgeni, au mgeni kuwa ndugu.

Kule Likoni tulionyeshwa filamu ya mapigano kutoka ng'ambo, ikiwa imetiwa masimulizi ya Kiswahili kwa mtindo uliompatia sifa DJ Afro nchini Kenya na Lufufu nchini Tanzania. Msimulizi hakufasiri neno kwa neno. Alifafanua, akatania, akawabeza wahalifu, na ukumbi ukaangua kicheko. Wapo wasomi wanaomdharau mtu huyu. Mimi namwona kuwa mfasiri anayewajua barabara wasikilizaji wake, sifa ambayo baadhi ya wafasiri wenye shahada hawana.

Yamkini mwalimu mwenzangu atauliza: je, Sheng ya filamu haitaharibu insha za wanafunzi? Hofu hiyo naielewa, kwani mtihani unadai usanifu. Lakini tazama mazungumzo katika insha hizo: mwizi, mvuvi na hakimu wote husema kama msomaji wa taarifa ya habari. Mwanafunzi amekariri fasili ya sajili pasipo kuisikia sajili yenyewe. Dakika kumi za filamu, zikifuatwa na swali "nani anasema hivi, kwa nani, na kwa nini?", zitamfaa kuliko ukurasa mzima wa fasili.

Lipo jambo moja lililonisikitisha. Katika filamu zote nne sikuisikia Kimvita. Sikumsikia mtu akiita "ndoo" badala ya "njoo", wala akitaja "mato" badala ya "macho". Kadhalika sikukisikia Kiswahili cha bara ya Mombasa, ambacho Wadigo, Wagiriama na wahamiaji kutoka sehemu nyingi wamekitia ladha zao. Mtoto wa Likoni au Changamwe akiikosa sauti ya nyanyake katika kila filamu aitazamayo, mwishowe ataamini kwamba sauti hiyo haistahili kusikika popote.

Kwa hivyo walimu, waachieni wanafunzi wenu waandike maigizo mafupi ya mitaa yao, kila mhusika akisema kama asemavyo. Usahihishaji wa sarufi utapata wakati wake. Kwanza tuwafunze kusikiliza.