Malezi ya Mtoto Mwenye Hali ya Down na Wajibu wa Usharika

Mchungaji anayezuru nyumba za kata ya Gongoni, mjini Tabora, aweza kukuta mtoto ambaye hata majirani hawamjui kwa jina, kwa kuwa wageni wafikapo hufichwa chumbani. Uso wake ni bapa kidogo, macho yameinuka pembeni, viungo ni legevu. Wazazi watamwuliza mchungaji swali moja: tumekosa nini? Makala hii yakusudia kumsaidia mtumishi kulijibu, kisha kuonyesha kazi inayofuata baada ya jibu.

1. Hali yenyewe

Kwa kawaida kila chembe hai ya mwili wa mwanadamu ina kromosomu 46. Mtoto huyu anazo 47, kwa maana kromosomu ya 21 ni tatu badala ya mbili. Tabibu Mwingereza John Langdon Down alieleza hali hii mwaka 1866. Chanzo chake kilitangazwa mwaka 1959 na Jérôme Lejeune na wenzake huko Paris. Hutokea katika mataifa yote. Uwezekano huongezeka umri wa mama unapozidi, lakini hata mama kijana huweza kumzaa mtoto wa namna hii. Si laana, si uchawi, wala si matunda ya uzinzi. Katika Yohana 9 Bwana alikataa kumtafuta mkosaji, ama katika kipofu yule ama katika wazazi wake.

2. Malezi ya miaka ya kwanza

Misuli ikiwa legevu, mtoto hunyonya polepole na kuchoka upesi. Mama hana budi kumnyonyesha mara nyingi, akikitegemeza kichwa na kidevu chake. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo. Kwa hiyo apimwe mapema katika Hospitali ya Kitete, naye akihitaji upasuaji aombewe rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Masikio, macho na tezi ya shingo pia vipimwe.

Atakaa, atatembea na kusema, ila kwa kuchelewa. Wengi hutembea wakiwa na miaka miwili hivi au zaidi. Apewe agizo moja kwa wakati mmoja, neno liende pamoja na ishara ya mkono, na jambo lile lile lirudiwe kila siku. Acheze na wenzake, maana hujifunza sana kwa kuiga. Mtoto aliyefichwa hana wa kumwiga.

3. Ubatizo wake

Katika Mazungumzo ya Mezani, yaliyoandikwa na wasikilizaji wake, Luther asimuliwa akishauri kwamba mtoto mmoja wa Dessau, aliyedhaniwa kuwa kazi ya shetani, atupwe mtoni. Neno hilo hatuna ruhusa ya kulificha, wala ya kulifuata. Luther huyo huyo, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alifundisha kwamba Ubatizo hausimami juu ya imani ya abatizwaye, bali juu ya Neno na agizo la Mungu. Ikiwa ni hivyo, upungufu wa akili hauwezi kuubatilisha. Wala kushindwa kukariri Katekisimo kusiwe ukuta wa kumzuia kipaimara: afundishwe kwa kadiri ya uwezo wake.

4. Wajibu wa usharika

Katika njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, iliyopita Tabora, mpagazi hakusafiri peke yake. Mama huyu naye asiachwe peke yake. Wadhamini wa ubatizo wamsindikize hospitalini. Akina mama wa usharika wapokezane kumshika mtoto ili yeye aende shambani au sokoni. Mwalimu wa Shule ya Jumapili amwite kwa jina lake. Kanisa letu limekwisha kuonyesha njia: Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ina Shule ya Irente Rainbow, Lushoto, kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Lakini usharika usio na shule unao uwezo wa kuanza Jumapili ijayo, kwa kumwomba mzazi amlete mtoto ibadani na kumpa nafasi benchi la mbele.