Lugha za Nyanda za Juu Kusini (2): Kihehe na Kibena, Lugha au Lahaja?

Lahaja ni namna mojawapo ya kuzungumza lugha, yenye matamshi, msamiati au sarufi yake, lakini isiyowazuia wasemaji kuelewana na wenzao. Kipimo hicho huyumba kifikapo Ipogolo, kwenye barabara kuu inayopita chini ya mji wa Iringa kwenda Mbeya, ambako Mhehe na Mbena husalimiana kwa "kamwene" ileile, na bado kila mmoja husema ana lugha yake.

Mwaka 1948 mwanaisimu Mwingereza Malcolm Guthrie alizigawa lugha za Kibantu katika kanda zenye herufi, na katika kanda G akaunda kundi la G60, lenye Kisangu (G61), Kihehe (G62), Kibena (G63), Kipangwa (G64), Kikinga (G65), Kiwanji (G66) na Kikisi (G67), ilhali Kinyakyusa alikiweka mbali, M31. Kiswahili nacho kimo katika kanda G, lakini hilo halikifanyi ndugu wa karibu wa Kihehe, kwa kuwa kanda hizo zilifuata sana jiografia. Msimbo, yaani herufi na namba ya lugha, ni anwani kuliko nasaba.

Nasaba husomeka katika sauti. Mzizi wa kale -ntu, uliozaa neno "mtu", Wasafwa wameuhifadhi katika umuntu na Wanyakyusa wakaugeuza kuwa umundu, ilhali Wahehe na Wabena husema umunu, wingi avanu, baada ya t kumezwa na n. Na badiliko linaloshirikiwa namna hiyo huwa ushahidi mzito kuliko ujirani. Hata hivyo kundi lenyewe si sare, kwani Kiwanji kina irabu saba na Kihehe tano.

Mpaka wa lugha na lahaja, kwa hiyo, hauchorwi na sauti peke yake. Kimagoma cha Makete, kilichohesabiwa ndani ya Kikinga, kilipewa msimbo wake, G651, katika orodha ya lugha za Kibantu ya mwanaisimu Jouni Maho ya mwaka 2009, na jina la Kihehe lilienea baada ya Munyigumba na mwanawe Mkwawa kuunganisha himaya nyingi ndogo katika karne ya 19. Huko China mambo ni kinyume cha yale ya Ipogolo, kwani jina moja la Kimiao hufunika lugha ambazo wasemaji wake hawaelewani, nazo huitwa lahaja. Sikio hupima maelewano, lakini jina hutolewa na historia.

Sehemu ijayo itazitazama lahaja za Kibena, kuanzia Lupembe.