Konokono wa Bahari Hujifunza Kupuuza

Mtu akihamia nyumba ya kando ya barabara, usiku wa kwanza halali kwa kelele za magari. Baada ya wiki hana habari nazo. Je, masikio yamechoka? La. Aliyetufumbulia fumbo hili ni konokono wa bahari aitwaye Aplisia.

Mnyama huyu ana seli za neva kama 20,000 tu. Ukigusa mrija wake wa kutolea maji, huyavuta ndani matamvua anayopumulia. Mguse taratibu mara kumi hivi, atayavuta kidogo tu. Wala hajachoka, kwani akipigwa shoti ya umeme mkiani, mguso ule ule humshtua upya. Mtaalamu Eric Kandel wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, na wenzake waligundua kuwa seli inayopokea mguso hupunguza kemikali ya kuiarifu seli inayoendesha misuli. Yaani ngozi inahisi vile vile, ila habari hufika kwa unyonge.

Zoezi la mara moja husahaulika upesi (wanaosoma usiku wa mtihani wanalijua hili). Likirudiwa siku nne mfululizo, hudumu hata wiki tatu, na viungo vingi baina ya seli hizo huacha kabisa kupeleka habari.