Je, Wajua? Kwa Slaidi za Zamani, Kamera Huishinda Skana

Slaidi ya milimita 35 ni picha ndogo mno: upana milimita 36, kimo milimita 24, imebanwa kwenye fremu ya kadibodi au plastiki. Tangu filamu ya slaidi ya Kodachrome ilipotolewa kwa kamera za saizi hiyo mwaka 1936, familia, walimu na watafiti wamezitunzia humo kumbukumbu zao. Nyingi zimebaki makabatini bila chombo cha kuzionyesha, kwani hata kampuni ya Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004. Anayetaka kuzihamishia kwenye kompyuta huelekezwa kwenye skana ya mezani, na ushauri huo naupinga. Kamera ya megapikseli 24 hutoa pikseli 6,000 kwa upana. Slaidi ikijaa kwenye picha, hizo ni zaidi ya nukta 4,200 kwa kila inchi, tena kwa mbofyo mmoja. Boksi la skana huweza kuahidi nukta 6,400, lakini namba hiyo huhesabu sampuli ambazo mashine inachukua, si undani ambao lenzi yake inaweza kuuona, na undani huo mara nyingi haufiki hata nusu.

Ushindi huo una masharti. Lenzi iwe ya makro, taa ya LED iwe nyuma ya slaidi, na chumba kiwe na giza ili mng'ao usiingie kwenye picha. Kinachosumbua wengi ni ulinganifu wa kamera na slaidi: slaidi ikiinama kidogo tu, pembe moja hutoka na ukungu. Dawa yake ni kioo cha kujitazamia. Kilaze mahali pa slaidi, kisha irekebishe kamera mpaka lenzi ijione katikati kabisa, hapo vimelingana.

Watetezi wa skana wana hoja moja nzito. Skana nyingi hutumia mwanga wa infraredi, unaopenya rangi za filamu lakini ukazuiwa na vumbi, hivyo programu hujua mahali pa kufuta. Kamera ya kawaida haina uwezo huo. Lakini mbinu hiyo hutatizwa na Kodachrome na hushindwa kwa filamu nyeusi-nyeupe za fedha, yaani sehemu kubwa ya hazina yenyewe. Hivyo pampu ndogo ya hewa na brashi laini hubaki kuwa za lazima. Wengine husema hakuna haraka, rangi za Kodachrome hudumu miongo mingi gizani. Ni kweli, ingawa mwanga wa projekta huziharibu upesi. Slaidi za filamu ya Ektachrome za miaka ya 1950 na 1960 hazina bahati hiyo: hufifia hata zikiwa zimefungiwa, na nyingi zimeshageuka nyekundu. Programu hurudisha sehemu tu ya kilichopotea, kwa hiyo boksi la Ektachrome lipigwe picha kwanza, hata kama Kodachrome ndizo zinazovutia zaidi machoni.