Umekuta mabomba ya friji ya zamani bandani? Usiyakate kabla hujajua ni nini

Msomaji wetu mmoja, kijana anayenunua vyuma chakavu katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda, ametuletea picha ya kitu alichouziwa na jirani wa jamii wenyeji. Kilikuwa kwenye banda nyuma ya zahanati ya zamani. Ni mabomba meusi ya chuma, mazito, yamekunjwakunjwa na kuungana na tangi dogo chini. Hakina mota wala waya. Anauliza: "Hiki ni nini? Naweza kukikata kwa msumeno ili kiingie kwenye gunia?"

Jibu fupi: usikate. Huo ni mtambo wa kupoza wa friji ya mafuta ya taa, na huenda bado umejaa kemikali.

Friji ya mafuta ya taa ni ipi?

Wanafunzi wawili wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni mtambo wa aina hii mwaka 1922. Hautumii mota. Unatumia moto mdogo wa mafuta ya taa, wa gesi au hita ya umeme. Kabla ya friji za sola kuenea, zahanati nyingi zisizo na umeme zilitumia friji hizi kutunza chanjo, ambazo nyingi huhitaji baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ndiyo maana mara nyingi hukutwa kwenye stoo za zahanati, misheni na mashamba ya zamani.

Moto unapozaje?

Ndani ya mabomba kuna maji, amonia na haidrojeni. Moto unachemsha maji yenye amonia. Amonia inapanda kama mvuke hadi juu, inapoa na kuwa kimiminika. Kisha inashuka kwenye bomba lililo ndani ya friji na kukutana na haidrojeni. Hapo inageuka tena kuwa hewa, na inapogeuka inachukua joto la vitu vilivyomo. Mwisho maji yanainyonya, na mzunguko unaanza upya.

Nitautambuaje bila kuufungua?

Angalia dalili hizi:

- Mabomba yote ni ya chuma, yamechomelewa. Hakuna bomba la shaba.
- Chini kuna tangi dogo.
- Pembeni kuna bomba lililosimama wima kama dohani, mara nyingi limezungushiwa bati na pamba ya kuzuia joto. Mwisho wake wa chini una masizi, kwa sababu hapo ndipo moto ulikuwa ukiwaka.
- Juu kuna bomba lenye vipande vyembamba vya bati vya kutoa joto.
- Kibao cha kiwanda, kama bado kipo, huwa na maandishi NH3 (amonia) au H2 (haidrojeni).

Ukiona chungu cheusi cha chuma chenye mabomba ya shaba na sehemu ya kuunganisha waya, hiyo ni kompresa ya friji ya umeme. Nayo usiikate. Ukisoma R600a kwenye kibao, gesi iliyomo inawaka kama gesi ya kupikia.

Umekaa miaka mingi. Bado una hatari?

Ndiyo. Mtambo huu ulifungwa kiwandani kwa kuchomelewa, na usipotoboka kemikali hubaki ndani. Mgandamizo wake unaweza kufika mara kumi ya ule wa tairi la gari, hata zaidi. Ukiutoboa, amonia hutoka kwa nguvu, na inaunguza macho, koo na mapafu. Haidrojeni huwaka kwa cheche ndogo tu. Pia mitambo mingi ina kemikali ya rangi ya manjano inayozuia kutu. Kemikali hiyo ni sumu na inaweza kusababisha saratani. Ukiona unga au doa la manjano kwenye maungio, usiguse.

Nifanye nini nao?

1. Uache ulipo, au uusogeze mzima bila kuugonga. Weka mbali na jiko, jua kali na watoto.
2. Mjulishe mwenyekiti wa kijiji chako: RWC1 kwa wakimbizi, LC1 kwa wenyeji. Mwombe afikishe habari kwenye ofisi ya OPM ya makazi au kwa afisa mazingira wa wilaya.
3. Kama umeshanunua, hasara unaweza kuipunguza. Rafu, mlango na tangi la mafuta ya taa hutoka bila kugusa mabomba, na hivyo unaweza kuviuza.
4. Usimuuzie mtu mwingine bila kumwambia ni nini. Yeye ndiye atakayeshika msumeno.

Je, ukivuja?

Harufu yake ni kali, kama ya mkojo uliokaa muda mrefu. Waondoe watu wote, hasa watoto, na msimame upande upepo unakotoka. Msiwashe moto wala sigara. Aliyeingiwa na amonia machoni aoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, bila kusugua. Nguo zilizolowa zivuliwe, na ngozi ioshwe kwa maji mengi. Kisha apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama anasema amepata nafuu.

Kijana wetu alikuwa ameahidiwa bei nzuri kwa kilo, na kwa mtu anayelisha familia kwa vyuma chakavu, kuuacha mzigo kama huo si jambo dogo. Lakini hakuna kilo za chuma zinazolipa macho ya mtu. Kama unawajua vijana wanaogonga vyuma karibu na nyumbani kwako, wasomee makala hii.