Uwingi wa Maana na Visawe vya Kiingereza: Mtego kwa Mfasiri wa Kiswahili

Aghalabu hudhaniwa kuwa kinachomtatiza mfasiri chipukizi ni maneno magumu ya Kiingereza. La hasha! Neno gumu humpeleka kwenye kamusi mara moja. Neno jepesi, alilolijua tangu shule ya msingi, ndilo humpita kimyakimya likiwa limebeba maana asiyoitarajia.

Kitenzi "run" ni mfano bora. Mtu hukimbia, mto hutiririka, pua huchuruzika kamasi, kitambaa huchuja rangi, mfanyabiashara huendesha duka na mwanasiasa huwania kiti. Mwingereza husema "run" katika hali zote hizo. Wahariri wa Oxford English Dictionary walipokipitia upya kitenzi hiki kwa ajili ya toleo la tatu, waliorodhesha maana zaidi ya 600. Katika toleo la pili la mwaka wa 1989, ingizo refu kuliko yote lilikuwa la neno jingine fupi, "set". Afasiriye neno kwa neno humkimbiza mgombea kuelekea bungeni kana kwamba ni mwanariadha.

Wanaisimu hutenganisha hapa polisemia na homonimia. "Head" ni polisemia: kichwa cha mtu, kichwa cha msumari, mkuu wa idara na chanzo cha mto, maana ambazo zote zimechipuka kutoka wazo moja. Kinyume chake, "ear" ya sikio na "ear" ya suke la nafaka ni maneno mawili yaliyokuwa tofauti katika Kiingereza cha kale, yakaja kufanana kwa bahati tu. Mswahili hana sababu ya kushangaa. Anaye paa wa mwituni na paa la nyumba. Tena hupiga pasi, hupiga simu na hupiga deki bila ya yeyote kuumia.

Visawe navyo vina historia yao. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka wa 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala kwa muda mrefu, huku Kilatini kikitumika kanisani na katika elimu. Ndiyo maana Kiingereza kina "ask" ya wenyeji, "question" ya Kifaransa na "interrogate" ya Kilatini. Kiswahili kinaweza kujibu kwa uliza, hoji na saili, mbili za mwisho zikiwa na asili ya Kiarabu. Hata hivyo, visawe kamili ni adimu mno. "Big" na "large" hukaribiana, lakini "big brother" ni kaka mkubwa kwa umri, ilhali "large brother" ni kaka mwenye mwili mkubwa.

Mtego huu huwa na madhara makubwa zaidi mahakamani. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya mahakama. Mkalimani huyo hukumbana na "charge", ambayo dukani ni bei, kwa fundi wa umeme ni chaji, na kizimbani ni shtaka. Hiyo ni rahisi, kwa kuwa muktadha humwokoa. "Sentence" ni ngumu zaidi. Si sentensi ya sarufi, naam, lakini akisema "hukumu" atakuwa ametumia neno lile lile analotumia kwa "judgment". Mshtakiwa akiambiwa amehukumiwa, je, amepatikana na hatia tu, au tayari amepangiwa kifungo?

Mfano ulio mzito zaidi ni wa "acquit" na "discharge". Katika kamusi nyingi za kawaida maneno haya hukaribiana kama visawe, na mara nyingi yote mawili hutamkwa "ameachiliwa". Kisheria hayafanani hata kidogo. Aliyepata "acquittal" hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lilo hilo. Aliyepata "discharge" kwa sababu kesi imeondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai anaweza kukamatwa na kushtakiwa upya kwa mambo yale yale. Anayerudi nyumbani akiwa amesikia neno moja tu, "ameachiliwa", atatupa karatasi zake na kuwasahau mashahidi wake.

Yafaa basi la kwanza lifasiriwe "ameachiliwa huru, hana hatia", na la pili "ameachiliwa kwa sasa, ila anaweza kushtakiwa tena". Tafsiri hizi ni ndefu kuliko neno asilia, na zitamchosha karani mwenye kesi nyingi asubuhi moja. Lakini Kiswahili hakijapata neno moja litakalobeba tofauti hiyo mbele ya mtu ambaye hajasomea sheria.