Tiba ya viungo: Ushahidi wa utafiti unavyopatikana

KWA miaka mingi, mgonjwa aliyepatwa na maumivu ya ghafla ya mgongo aliambiwa alale kitandani hadi apate nafuu. Ushauri huo ulionekana wa busara, lakini ulipopimwa kwa utafiti haukuthibitika.

Mwaka 1995, watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki. Kundi moja lilipumzishwa kitandani kwa siku mbili, la pili lilipewa mazoezi ya mgongo na la tatu liliendelea na shughuli za kawaida kwa kadiri maumivu yalivyoruhusu. Kundi la tatu ndilo lililopona vizuri zaidi, huku waliopumzishwa kitandani wakichelewa kuliko wote.

Swali ni wapi mtaalamu wa fiziotherapia, mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni, anaweza kuyapata matokeo ya namna hiyo.

Chombo kimojawapo kinachotegemewa ni kanzidata ya PEDro, iliyoanzishwa mwaka 1999 mjini Sydney, Australia, na ambayo hutumika kwenye intaneti bila malipo. Humo hukusanywa majaribio ambayo wagonjwa hugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu, mapitio yanayojumuisha tafiti nyingi za suala moja, pamoja na miongozo ya tiba.

Kila jaribio hupewa alama kati ya 0 na 10. Miongoni mwa yanayoangaliwa ni iwapo mgawanyo wa makundi ulifanywa kwa bahati nasibu, na iwapo aliyepima matokeo hakujua nani alipata tiba ipi. Hata hivyo, alama kubwa haimaanishi kuwa tiba husika inafaa, bali kwamba matokeo ya jaribio, yawe mazuri au mabaya, yanastahili kuaminiwa zaidi.

Ili utafutaji usipoteze muda, mtaalamu hutakiwa kwanza kuunda swali lenye sehemu nne: mgonjwa ni wa aina gani, tiba ipi inafikiriwa, inalinganishwa na nini, na matokeo gani yanatarajiwa. Mapitio ya tafiti nyingi ndiyo husomwa kwanza. Yasipokuwapo, hugeukiwa jaribio mojamoja.

Kikwazo kikubwa ni kwamba mara nyingi muhtasari pekee ndio husomwa bure, ilhali makala kamili huuzwa. Kwa sababu hiyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) na wachapishaji walianzisha mpango wa Hinari mwaka 2002, unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo, ikiwamo Tanzania, kusoma majarida ya afya bure au kwa gharama nafuu.

Aidha, utafiti peke yake hautoshi. Katika maelezo yao ya mwaka 1996, David Sackett na wenzake walisisitiza kuwa ushahidi huo sharti uambatane na ujuzi wa mtaalamu na matakwa ya mgonjwa mwenyewe.